Maji ya moto, asidi, klorini au baridi: kipi kianze kwenye machinjio yako Dodoma?

Mwenye machinjio Dodoma siku hizi hakosi wa kumshauri. Mmoja anamwambia anunue boila, kwamba maji ya moto yanamaliza kila bakteria aliye juu ya nyama. Wa pili anakuja na madumu ya asidi ya laktiki na picha za viwanda vya Ulaya. Wa tatu anasema klorini inatosha, ipo kila duka na bei yake haiumizi. Wa nne anauza vyumba vya baridi. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, lakini mfuko wa kulipia ni mmoja. Haya nimeyaandika kwa ajili ya mtu aliyesimama hapo katikati: anachinja ng'ombe kumi hadi arobaini kwa usiku, au mbuzi wengi zaidi, anapeleka kwenye mabucha ya mjini, anatamani mikataba ya hoteli na shule za bweni, na pengine anawaza kuuza nje ya nchi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Fedha ya kwanza iende kwenye visu na namna ya kuchuna, ya pili kwenye baridi, ya tatu kwenye maji ya moto, na asidi ije mwisho. Klorini ibaki kwenye tangi la maji na sakafuni. Najua hilo la baridi kutangulia maji ya moto wengi watalipinga, kwa hiyo ndilo nitakalolieleza kwa kirefu zaidi.

Bakteria wanatoka wapi hasa

Ndani ya msuli wa mnyama mwenye afya hakuna bakteria wa kutisha. Wanaoharibu nyama na wanaowafanya watu waugue, kama Salmonella na ile E. coli ya aina ya O157:H7, wanatoka juu ya ngozi na ndani ya utumbo, kisha wanabebwa na visu, mikono na maji. Ng'ombe aliyeshushwa kutoka mnada wa Msalato mwezi wa Septemba amejaa vumbi lililochanganyika na kinyesi kikavu. Yule wa Februari ana tope lililogandamana kwenye miguu na kifua, pale pale kisu cha kwanza kinapopita.

Simama karibu na mchunaji wa mbuzi uangalie mikono yake. Anapasua ngozi mguuni, anaishika kwa mkono wa kushoto upande wa manyoya, na wa kulia anaukunja ngumi na kuusukuma kati ya ngozi na nyama. Kazi safi, haina kisu, nyama haichanwi. Kisha mkono wa kushoto unachoka. Anabadilisha. Ngumi iliyokuwa imeshika manyoya sasa inateleza kwenye nyama ya mgongo mzima. Hapo ndipo uchafuzi ulipoingia, na mzoga bado unang'aa kwa macho. Machinjio yenye nidhamu huwa na mkono wa ngozi na mkono wa nyama, na anayetaka kubadilisha ananawa kwanza kwa sabuni. Hilo haligharimu chochote zaidi ya bomba lililo karibu na msimamizi asiyelala.

Visu navyo vina kanuni inayojulikana kote duniani: maji ya nyuzi 82 au zaidi, na kila mtu awe na visu viwili, kimoja mkononi na kingine kimezama kwenye maji hayo. Kabla ya kutoa matumbo, njia ya haja kubwa ifungwe kwa mfuko na koo lifungwe kwa kamba, ili kilichomo kisimwagike. Machinjio ambayo haijafikia hapa haina haja ya kusoma bei za boila. Hakuna dawa ya kunyunyizia itakayolipa deni la utumbo uliopasuka kila baada ya mzoga wa tatu.

Na kuna jambo ambalo hakuna mojawapo ya njia hizi inaligusa: mnyama mgonjwa. Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka 2007, Dodoma ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi, na hatari ilikuwa kwa wachinjaji wenyewe walioshika damu. Kimeta ni hivyo hivyo. Mkaguzi wa nyama anatangulia, dawa zinafuata.

Kinyesi kikionekana: kukata au kuosha?

Kukata. Chukua kisu safi, ondoa sehemu yote iliyochafuka pamoja na ukingo wake, tupa. Mpira wa maji baridi unaondoa rangi ya kinyesi na kuwasambaza bakteria kwenye sehemu ambayo ilikuwa safi, halafu mkaguzi anaona mzoga mweupe anagonga mhuri. Viwanda vikubwa vina mashine inayotoa mvuke na kunyonya kwa wakati mmoja, na hata hiyo Marekani inaruhusiwa kwa madoa madogo tu, yasiyofika sentimita 2.5. Kubwa zaidi ya hapo ni kisu.

Maji ya moto na asidi

Hawa ndio wapinzani wa kweli, kwa sababu wote wanafanya kazi na wote wamepimwa kwa miongo kadhaa. Msukumo mkubwa ulikuja baada ya 1993, pale watu zaidi ya 700 walipougua Marekani kwa hambaga zenye O157:H7 na watoto wanne wakafariki. Tangu hapo viwanda vya huko vimewekeza sana katika kusafisha mzoga kabla haujaingia kwenye baridi.

Wataalamu hupima kwa hatua za kumi kumi. Hatua moja maana yake kati ya bakteria 1,000 wanabaki 100, hatua mbili wanabaki 10. Maji ya moto yanayofika juu ya nyama yakiwa kati ya nyuzi 74 na 85 huleta hatua moja hadi tatu. Asidi ya laktiki ya asilimia 2 hadi 5 huleta moja hadi mbili, na machinjioni mara nyingi huwa upande wa chini kuliko maabara. Kwa nguvu tu, maji ya moto yanashinda. Zaidi ya hapo, O157:H7 ina ustahimilivu fulani wa asidi lakini haina ustahimilivu wa nyuzi 80.

Tatizo la maji ya moto liko kwenye yale maneno "yanayofika juu ya nyama". Kijana wa zamu atakwambia, "Bosi, ya moto hayo, si unaona mvuke?" Kweli mvuke upo. Weka kipimajoto kwenye pipa: 85. Sasa kinga maji kwenye kopo pale pale mzoga unaponing'inia, mita mbili kutoka mdomo wa mpira, matone yakiwa yamepita hewani: unaweza kukuta 60 au chini yake. Kwa joto hilo unaosha tu. Mdomo wa mpira usogee karibu, mkondo uwe mnene badala ya ukungu, bomba livikwe kitu cha kuzuia joto, na pipa lipandishwe hadi kipimo cha kwenye kopo kiridhishe. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo nafasi ya kupandisha ipo ila si pana kama Pwani.

Gharama yake inahesabika. Kupasha lita moja kutoka nyuzi 25 hadi 85 kunahitaji kilojuli 250 hivi. Mtungi wa gesi wa kilo 15 una megajuli 690 hivi. Tukisema nusu inapotea hewani na kwenye kuta za pipa, mtungi mmoja unapasha lita 1,300 na ushee. Kwa lita 20 kila mzoga wa ng'ombe, ni mizoga sitini na kitu. Piga bei ya gesi ya leo, gawanya, utaona si mzigo wa kuua biashara. Maji yenyewe ndiyo yanayouma zaidi: ng'ombe 40 ni lita 800 za ziada kila usiku, katika mji ambao mvua hunyesha miezi mitano au pungufu kwa mwaka. Na maji ya visima vyetu ni magumu. Ukoko mweupe unaouona kwenye birika la nyumbani utaukuta kwenye hita na kwenye matundu ya bomba la kunyunyizia, na ukiuacha unakula gesi na kuziba matundu. Panga siku ya kuukwangua.

Asidi inashinda kwenye maji. Inanyunyizwa hadi mzoga ulowe, basi. Inahitaji moto kidogo tu, maana inafanya kazi vizuri zaidi ikiwa vuguvugu. Na ina sifa moja ambayo maji hayana: inabaki juu ya nyama kwa muda, ikiendelea kuwabana bakteria waliosalia. Kwa sifa hiyo naielewa sana hamu ya mtu asiye na chumba cha baridi.

Lakini iangalie kazini. Asidi ya laktiki huuzwa ikiwa nzito, mara nyingi asilimia 80. Kupata kilo 10 za mchanganyiko wa asilimia 2 unapima gramu 250 za asidi na kilo 9.75 za maji, na ni asidi inayomiminwa kwenye maji, si maji kwenye asidi. Unapima kwa mizani, siyo kwa kifuniko cha chupa. Karatasi ya kupimia uchachu ioneshe kati ya 2 na 2.5. Anayechanganya avae miwani na glavu. Iwe asidi ya daraja la chakula, na pampu ya mgongoni iwe mpya. Pampu iliyowahi kubeba dawa ya shambani isiguse nyama hata ikioshwa mara mia. Kulabu na reli za chuma cha kawaida zitaanza kushika kutu, sakafu ya saruji italika. Na asidi ikikuta kinyesi au tabaka la mafuta, inaishia hapo juu.

Kuna wanaouliza kuhusu siki. Siki ya asilimia 5, lita 4 kwa lita 6 za maji, inakupa asilimia 2, na inaua. Ila harufu inabaki na nyama inapauka kijivu haraka. Mteja wa bucha la Majengo anayenunua kwa jicho atapita.

Kupauka kunayahusu hata maji ya moto. Sehemu ya juu hubadilika rangi, kisha kwa kiasi kikubwa hurudi baada ya kukaa kwenye baridi. Kama huna baridi na nyama inaenda bucha moja kwa moja, wauzaji wako watalalamika, na wana haki. Jambo hilo linaanza kutuonesha kwa nini mpangilio wangu uko hivyo.

Kati ya hizi mbili, nachagua maji ya moto. Mfanyakazi akikosea joto, kipimajoto kinamwambia papo hapo. Akikosea asidi, ama ananyunyizia maji machachu yasiyofanya kitu, ama anaunguza macho yake.

Klorini na asidi ya perasetiki

Klorini naipenda, mahali pake. Maji yanayokaa kwenye simtanki siku tatu si maji ya kuoshea nyama mpaka yatiwe klorini, na kuosha mzoga kwa maji machafu ni kuongeza bakteria kwa bidii. Kwa visu, meza na sakafu, baada ya sabuni na kusuuza, miligramu 200 kwa lita ni kipimo kizuri. Juu ya nyama yenyewe ni hadithi nyingine: damu na mafuta vinaila klorini kabla haijawafikia bakteria. Unabaki na harufu na faida ndogo. Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa kuku walioshwa kwa klorini tangu 1997.

Tahadhari moja naomba ibandikwe ukutani: klorini na asidi zisikutane kwenye ndoo, pampu au mtaro mmoja. Zikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaua watu ndani ya chumba kisicho na hewa.

Asidi ya perasetiki ndiyo iliyoipokonya klorini nafasi katika viwanda vingi vya kuku Marekani. Inaua kwa nguvu hata penye uchafu kiasi, kisha inavunjika kuwa siki, maji na oksijeni. Kwa Dodoma siioni bado. Haipendi joto la stoo, dumu lake lazima liwe na kifuniko kinachopumua, na harufu yake inakata macho na kifua. Mwenye kiwanda kikubwa chenye fundi wa kemikali na feni za kutosha aifikirie. Wengine waiache.

Mionzi nayo imeidhinishwa kwa nyama nyekundu Marekani tangu 1997. Kwa machinjio ya ng'ombe arobaini si mjadala.

Kwa nini baridi inatangulia

Chukua hesabu hii polepole. Umeosha kwa maji ya moto vizuri kabisa na umepata hatua mbili: katika kila bakteria 100 amebaki mmoja. Wale waliobaki, wakiwa kwenye nyama yenye unyevu na joto la mwili wa mnyama, huweza kuongezeka maradufu kila dakika 20. Mara saba za kuongezeka maradufu zinazidi mia moja. Yaani saa mbili na dakika 20 zinatosha kurudisha ulichokiua. Hata ukiwapa dakika 30 kwa sababu ya joto la mchana wa Oktoba, ni saa tatu na nusu. Hii ni hesabu ya hali inayowapendeza zaidi, na nyama iliyokauka juu inawachelewesha. Lakini fikiria safari ya nyama yetu: imechinjwa saa nane usiku, imepakiwa saa kumi na moja, imening'inia buchani tangu saa moja asubuhi, kilo ya mwisho inauzwa saa kumi na mbili jioni. Saa kumi na sita. Maji ya moto yamekununulia saa tatu kati ya hizo.

Baridi haiui. Inawasimamisha. Nyama ikifika nyuzi 7 hadi kiini cha paja, na maini na figo nyuzi 3, ambavyo ndivyo vipimo vya Ulaya, Salmonella na E. coli karibu hazisogei. Hewa ya chumba inayozunguka inakausha ngozi ya juu ya nyama, na ukavu huo nao unawabana. Kile ulichokipata kwa kuchuna vizuri kinabaki kwako hadi kesho na keshokutwa. Ndiyo maana viwanda vinaosha kwa moto kisha vinaingiza kwenye baridi muda mfupi baadaye. Wakinakili nusu ya kwanza tu, wanaonakili wanapata nusu isiyodumu.

Ina masharti yake. Mizoga isigusane, maana inapogusana joto na unyevu vinabaki katikati. Usiishushe nyama chini ya nyuzi 10 ndani ya saa kumi za kwanza, itakakamaa na mteja atasema umemuuzia fahali mzee. Umeme ukikatika, mlango usifunguliwe na jenereta iwe imejaribiwa wiki hiyo. Na chumba cha baridi kinachopokea nyama kisha kuipakia kwenye sanduku la bati nyuma ya pikipiki juani kimefanya kazi bure, kwa hiyo gari lenye kuta za kuzuia joto liingie kwenye bajeti ile ile.

Kikwazo kikubwa zaidi ni mteja. Watu wetu wanaamini nyama ya leo, na iliyotoka baridi wanaiita ya jana. Usiwalazimishe wote. Anza na hoteli, shule na wenye migahawa, ambao tayari wanaiweka kwenye friji zao na wanaumia inapoharibika. Mabucha yatafuata yakiona nyama inayobaki jioni inauzika kesho yake. Bodi ya Nyama imekuwa ikihimiza mabucha yaachane na magogo na mashoka, na kwa kweli gogo lenye nyufa linarudisha kwa dakika moja bakteria wote uliowapunguza usiku kucha. Kagua bucha unaloliuzia kabla ya kununua dumu la asidi.

Basi wewe ununue nini

Kama una karo la kuchinjia Kongwa, Mpwapwa au Chamwino, unachinja ng'ombe wawili watatu na nyama inaisha kabla ya adhuhuri, huhitaji hata kimoja kati ya vinavyotangazwa. Weka kulabu ili mzoga usiguse chini, pipa la maji ya nyuzi 82 kwa ajili ya visu, klorini kwenye tangi, na sogeza saa ya kuchinja iwe karibu na saa ya kuuza. Kila saa unayoipunguza hapo katikati inafanya kazi ambayo wengine wanailipia.

Kama uko mjini na ng'ombe kumi hadi arobaini, chumba cha baridi na gari, kisha maji ya moto mwaka unaofuata. Kabla na baada ya kila hatua peleka sampuli za kufuta juu ya mzoga kwenye maabara ya veterinari, sehemu zile zile: shingo, kifua, ubavu, paja. Idadi ikishuka, endelea. Isiposhuka, rudi kwa wachunaji kabla ya kuongeza chochote.

Kama macho yako yako nje ya nchi, soma masharti ya mnunuzi kabla ya kununua asidi. Umoja wa Ulaya ulikubali asidi ya laktiki 2013, asilimia 2 hadi 5, kwa joto lisilozidi nyuzi 55, na kwa mizoga ya ng'ombe. Mbuzi na kondoo hawamo kwenye ruhusa hiyo, na mkoa wetu una mbuzi wengi wa kuuza. Nchi za Kiarabu zinazopokea mbuzi na kondoo zina taratibu zao, kila moja na zake. Omba jibu kwa maandishi: dawa gani inakubalika, kwa kiwango gani, kwa mnyama yupi. Maji safi ya moto na chumba cha baridi huhitaji kuviombea ruhusa ya namna hiyo.